Nissan Leaf, Dodoma–Kibaigwa alfajiri ya Julai: kuzima hita au kupunguza mwendo?

Mzee wa Mahindi
Wakuu, salaam. Nina Leaf, gari la umeme lenye betri ya uniti 40, nachajia nyumbani Nkuhungu. Naenda sokoni Kibaigwa na kurudi, karibu kilomita 180. Mwezi wa saba natoka alfajiri, na baridi ya Dodoma mnaijua. Kipi kinaokoa umeme zaidi: kuzima hita nikawasha viti vya moto, au kupunguza mwendo?

Fundi Area D
Mkuu, tupige hesabu. Hita ikivuta kilowati 2 kwa saa moja na nusu, uniti 3 zimeondoka. Kwa gari linalokula uniti 16 kila kilomita 100, hizo ni kama kilomita 19. Kiti cha moto ni kama wati 100 tu. Njia nzima hakikuli hata kilomita moja. Vaa koti, washa kiti, hita uiguse kioo kikishika ukungu.

Mgogo Ughaibuni
Kwetu Mpwapwa, sasa niko Oslo. Huku ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri betri yenyewe inakuwa nzito: inatoa umeme kwa shida, na ukikanyaga breki hairudishi chaji kama kawaida mpaka ipate moto. Baridi ya Dodoma haifiki huko, hivyo betri isikuumize kichwa. La kuiga huku ni moja: pasha gari joto likiwa bado kwenye chaja. Joto hilo linatoka kwenye LUKU, betri unaondoka nayo imejaa.

Dada wa Chamwino
Nakubaliana nanyi, ila upepo mmeuruka! Msimu huu unavuma kutoka kusini mashariki, na kwenda Kibaigwa unakuja usoni. Ukiwa 80 na upepo ni kilomita 20 kwa saa, gari linapambana na hewa kama liko 100, na ukinzani wa hewa unakuwa umepanda kwa asilimia 56. Kwangu mimi mwendo kwanza, hita baadaye. Kwenda shika 75. Kurudi upepo uko mgongoni, hata 85 sawa. Matairi pia pima kabla hujatoka, baridi inashusha upepo wake.

Mzee wa Mahindi
Asante dada. Na nikirudi na magunia mawili?

Fundi Area D
Yalaze ndani, mkuu. Kama una keria juu ya paa ivue, maana hata ikiwa tupu inakula umeme.