Kwaresima hii niache nini? Sukari imeshaniishia

Baba wa Watatu

Tumsifu Yesu Kristo. Jumatano ya Majivu inakaribia na bado sijajua naacha nini. Miaka yote nilikuwa naacha sukari kwenye chai. Imefika mahali siitumii tena kabisa, hata Pasaka ikipita, kwa hiyo nikisema mwaka huu naacha sukari nitakuwa namtolea Mungu kitu nisichokuwa nacho.

Nilimwuliza mke wangu. Hakuchukua hata dakika: "Acha simu jioni." Nikamwambia kazi yangu ni ya simu, mteja akikwama hata saa mbili usiku ananitafuta mimi. Akasema, "Basi acha ubishi." Nikaanza kumweleza kwa nini ubishi si dhambi, akacheka akaondoka zake.

Kuhusu simu ana hoja. Tukiwa mezani huwa naiweka kifudifudi kando ya sahani, nikijiona nimefanya la maana. Ikitetemeka, mkono unakwenda wenyewe. Binti yangu wa kati ndiye msimulizi wa nyumba, na kuna kitu nimekiona kwake: nikishaigeuza tu simu, anakatisha sentensi. Halalamiki, hanuni. Anangoja kioo kizime, halafu anaendelea palepale alipoishia. Ameshajifunza.

Sasa nauliza. Simu inahesabika kuwa mfungo, au mfungo ni chakula na mengine ni mapambo? Jumapili naruhusiwa kupumzika? Na je, niseme au nifiche? Maana Injili ya Jumatano ya Majivu ni ileile ya Mathayo 6: ukifunga, jipake mafuta kichwani, unawe uso.

Katekista Mzee

Milele na milele, amina. Mwanangu, tenganisha mambo mawili kwanza. Kuna yale ambayo Kanisa limetupangia sote, na hayo huchagui. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tunafunga: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo hata ukiijumlisha haifikii huo mmoja. Siku hizo mbili, pamoja na Ijumaa zote za Kwaresima, hatuli nyama, au chakula kingine ambacho maaskofu wa mahali wameamua. Siku hizo na umri wa wanaobanwa vimo katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1251 na 1252. Kufunga kunawabana wenye miaka 18 hadi mwaka wao wa 60 unapoanza. Kuacha nyama kunaanza ukitimiza 14. Mimi umri wa kufunga umenipita, lakini sikuambiwa nishinde nikila. Unachokiuliza wewe kinakuja juu ya hayo, na hapo simu inaingia bila shida yoyote.

Tena si jambo jipya. Mtakatifu Benedikto, mtu wa karne ya 6, katika sura ya 49 ya Kanuni yake anawaambia watawa kwamba Kwaresima wapunguze kitu katika chakula, kinywaji, usingizi, maongezi na mizaha. Ona, maongezi na mizaha ameyapanga safu moja na chakula. Kisha anataka kila mtawa amweleze abati wake, yaani mkuu wa monasteri, anachokusudia kutoa, na akifanye kwa ruhusa yake, kwa sababu kinachofanywa bila ruhusa kitahesabiwa kuwa ni majivuno. Kwa hiyo kuhusu kusema au kuficha, mtu mmoja ajue. Awe muungamishi wako, au huyo mama aliyekwisha kukupa jibu bila kufikiri. Watu wengine hawahusiki.

Jumapili hesabu mwenyewe. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, zinabaki 40. Anayepumzika Jumapili hajaiba. Ila tazama unachopumzikia: kama Jumapili ndiyo siku pekee wote watatu wako mezani, sioni faida ya kurudisha simu siku hiyo.

Nami nina swali langu kwako. Ukiacha kitu, kinakwenda wapi? Nabii Isaya, sura ya 58, anasema mfungo anaoutaka Bwana ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Sukari iliyobaki kwenye kopo haijamfikia mtu.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, na naomba msiwahimize watu wote kwenye chakula. Usiku wodini nikiwa na njaa naanza kusoma lebo ya dawa mara mbilimbili. Nilimweleza padre, akaniambia afya yangu na ya wagonjwa inatangulia, nitafute kitu kingine.

Nikatafuta. Asubuhi tunapokabidhiana zamu mimi nilikuwa na hotuba yangu: chati fulani haikujazwa, dripu imeachwa inakaribia kwisha, fulani kaondoka mapema. Yote kweli tupu. Kwaresima iliyopita nikaamua nitasema anachohitaji mgonjwa wa kila kitanda, nikimaliza nanyamaza. Kama kuna kosa la kweli, naliandika panapohusika au namwambia mhusika mwenyewe.

Ni kazi ngumu kuliko njaa! Njaa unaizoea, ila neno limeshafika kwenye ulimi na wewe unalimeza mbele ya watu wanaolisubiri. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama naumwa. Na nikagundua dakika za makabidhiano zimepungua, tunawahi kwenda kulala.

Kaka, chagua kile ambacho mtu mwingine atakiona kimeondoka.

Mchokozi wa Upande wa Pili

Naingia kama Mprotestanti. Sisi tunaikumbuka Zürich, Uswisi, Kwaresima ya 1522: nyumbani kwa mchapaji Christoph Froschauer watu walikula soseji makusudi. Zwingli, padre aliyeongoza matengenezo ya Kiprotestanti mjini humo, alikuwepo, hakula, lakini baadaye alipanda mimbarani akatetea kwamba Mkristo yuko huru katika mambo ya vyakula. Kwa hiyo mimi Kwaresima siachi kitu, naongeza. Nasoma Injili moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa nini msiongeze tu?

Katekista Mzee

Karibu, ndugu yangu. Hata huyo Benedikto anampa kila mtawa kitabu cha kusoma Kwaresima, mfululizo, toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini saa za kukisoma zinatoka wapi? Siku haiongezeki. Nadhani hata wewe kuna kitu unakiacha, sema hujakipa jina.

Mchokozi wa Upande wa Pili

Ligi ya usiku. Sawa, umenipata.

Baba wa Watatu

Asanteni sana, na mzee wangu shikamoo, nilipitiwa kuanza nayo. Nimeamua ni simu. Ikifika saa ya chakula cha jioni inaingia kwenye droo ya chumbani na haitoki mpaka watoto walale, Jumapili ikiwemo. Kifudifudi mezani hapana, nimeshajijua. Nimepatana na mwenzangu kazini: yeye atapokea wateja wa jioni, mimi nimechukua wa alfajiri, saa ambayo kwangu wote wamelala. Hajui kwa nini, nilimwambia tu nina shughuli nyumbani. Mke wangu anajua, na padre atajua.

Na kuhusu kinakwenda wapi, mzee, nadhani kinakwenda kwa yule binti.

Katekista Mzee

Marahaba, mwanangu. Umechagua vizuri. Ila usiandike hiyo kwenye safu ya sadaka. Baba kumsikiliza mwanawe ni haki ya mtoto, unamlipa alichokuwa anakudai. Mathayo 6 ina mambo matatu, sadaka, sala na mfungo, na maskini bado hajaonekana kwenye mpango wako.

Baba wa Watatu

Umenikamata. Basi nimekaa na mke wangu tukatazama matumizi: kifurushi kikubwa cha intaneti nilikuwa nakimaliza jioni hizohizo. Kwaresima nzima nitanunua kile kidogo, na tofauti itaingia kwenye kisanduku cha maskini kila wiki, yeye ndiye atakayeipeleka ili nisije nikaanza kuijadili. Tumepiga hesabu, si haba.