Kibo, Lengai, Meru au Mlima Kenya: wapi kwa picha za volkano na barafu?

Mwanakamera
Habari zenu wakuu. Nina likizo ya wiki moja mwezi wa pili na pesa ya safari moja tu. Nataka picha za mlima wenyewe: kreta, majivu, lava iliyoganda, na barafu kama bado ipo. Picha ya kusimama kwenye kibao cha kileleni siihitaji. Nina lenzi pana, lenzi ya kuvuta na tripodi nyepesi. Waliowahi kubeba kamera huko juu, mngechagua mlima upi?

Mpanda Kibo
Ndugu, nenda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa sababu ya barafu. Kreta utazikuta hata ukienda uzeeni, barafu hutaikuta. Tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na mwaka 2022 UNESCO ilitaja barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya kati ya zile zinazotarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Mimi ni mwongozaji, na kuna kuta za barafu nilizokuwa nawaonyesha wageni ambazo leo ni changarawe tupu. Inaniuma. Anayeweza kuzipiga picha sasa, azipige.

Ila panga safari kwa ajili ya mwanga. Wengi hutoka kambi ya Barafu usiku wa manane, wakafika Stella Point kwenye ukingo wa kreta kunapambazuka, wakajikokota hadi kilele cha Uhuru (mita 5,895), kisha wakashuka haraka. Mwambie mwongozaji wako mapema kwamba umekuja kwa picha, akupangie mwendo. Kutoka Stella kwenda Uhuru, barafu ya kusini inakuwa kushoto kwako na kreta kulia, jua likichomoza mgongoni upande wa Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro. Kuta za barafu hugeuka waridi kwa dakika chache tu, basi mipangilio ya kamera iwe tayari kabla hujafika.

Binti wa Engare Sero
Niutetee Ol Doinyo Lengai, mlima wetu wa karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Barafu hakuna kabisa, lakini volkano kama hii hutaiona kwingine. Ndiyo pekee duniani leo inayotoa lava ya kaboneti, yaani lava iliyojaa magadi. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, wakati lava ya kawaida hupita 1,000. Kwa hiyo usije ukitegemea mito myekundu ya kwenye kalenda. Mchana lava hiyo ni nyeusi kama lami iliyoyeyuka, na usiku wekundu wake ni hafifu sana. Ikishapoa inanyonya unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe. Picha ya Lengai ni hiyo: weusi mpya juu ya weupe wa zamani.

Kimo ni mita 2,962 tu, lakini mteremko ni mkali na watu hupanda usiku kukwepa jua. Mlipuko wa 2007 na 2008 ulichimba shimo refu kileleni, na lava imekuwa ikilijaza tangu hapo. Kaa mbali na ukingo, na ndani usikanyage hata uone watu wanashuka. Usibadilishe lenzi huko juu, majivu ya magadi yanakula vifaa.

Kwa maoni yangu picha bora iko chini. Alfajiri simama upande wa Ziwa Natron, jua linapopiga mlima kwa ubavu. Yale makorongo yote ya majivu yanatoka moja moja, na ukibahatika heroe wako mbele yako.

Wa Nanyuki
Nitasema ukweli ingawa naupenda mlima wetu, Mlima Kenya: barafu yake iitwayo Lewis imebaki kidogo mno, usiifuate hiyo. Lakini kama unataka kuona kazi ambayo barafu imefanya, hakuna kama Mlima Kenya. Vilele vyake viwili virefu zaidi, Batian (mita 5,199) na Nelion, ni kiini cha volkano ya kale kilichobaki baada ya mlima kumomonyoka, na mabonde yote yanayouzunguka yalichongwa na barafu. Pitia njia ya Chogoria. Ukifika vijiziwa vya Hall Tarns, sogea ukingoni uangalie Ziwa Michaelson lilivyolala chini ya genge. Lobelia kubwa zitakupa kitu cha kuweka mbele ya picha, jambo ambalo kileleni Kibo hulipati. Kilele cha Lenana (mita 4,985) unapanda bila kamba.

Wa Goma
Jambo kwenu wote. Kuna mtu atataja Nyiragongo, volkano yetu ya hapa Goma, Kongo, kwa hiyo niseme mbele: msije sasa. Ziwa la lava lilikauka mlipuko wa Mei 2021, na vita havijatuacha. Ikitulia tutawakaribisha.

Mwanakamera
Asanteni sana. Meru je? Na baridi inafanyaje betri?

Jirani wa Meru
Meru, huu wa Arusha, ndio mlima wa kupiga picha ya Kilimanjaro. Uko juu ya mawingu, mita 4,500 na ushee, na Kibo kinaelea mashariki. Mwezi wa pili jua huchomoza kulia kwa Kibo, hivyo unapata mwanga wa ubavu na umbo la mlima linaonekana vizuri. Anayetaka jua litokee karibu na Kibo chenyewe aje mwanzoni mwa Agosti. Chini yako una kreta iliyobomoka upande wa mashariki na Ash Cone, kilima cha majivu, katikati yake. Ni safari ya siku tatu au nne pamoja na askari wa wanyamapori, kwa hiyo ndani ya wiki yako unaweza kuunganisha na Lengai.

Mpanda Kibo
Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, mwilini, na usiku ulale nazo. Kabla ya kuingia hemani fungia kamera kwenye mfuko wa plastiki, isishike umande. Penye theluji ongeza mwanga stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera) moja hadi moja na nusu, la sivyo theluji inatoka kijivu. Lengai ni kinyume, kwenye lava nyeusi punguza. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania.

Mwanakamera
Nimeamua Kibo, na likizo nitaongeza siku mbili. Meru na Lengai zitakuwa safari ya pamoja baadaye. Nipite njia ya Lemosho au Machame?

Mpanda Kibo
Machame ya siku saba. Utalala kambi ya Shira, jioni jua la magharibi linapiga Kibo usoni, na kesho yake unapita mnara wa mwamba wa Lava Tower. Ile siku ya ziada inakupa usiku wa kambi ya Karanga, mwili unazoea hewa. Tazama kalenda ya mwezi kabla hujalipa: usiku wa kileleni uangukie mbalamwezi, barafu utaipiga hata kabla ya jua.

Binti wa Engare Sero
Na ukija kwetu chagua usiku wa giza, uone ule wekundu wa lava.