Sidney Poitier na vitabu: nani hapa alisoma kwanza ndo akatazama?

MwalimuWaBusia

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Busia upande wa Uganda, na kuna kitu kimenikaa moyoni tangu likizo ianze nikaona nikilete hapa kwa watu wa picha za zamani.

Nilikuwa Kampala mwezi uliopita, nikapita kwa wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, nikaokota To Sir, with Love ya E.R. Braithwaite, haina gamba la mbele, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Nikaanza kuisoma kwenye taxi kabla hata haijajaa, tukafika Iganga sijainua kichwa. Ni hadithi ya maisha yake mwenyewe, mtu wa Guyana kule Amerika Kusini aliyerusha ndege za jeshi la Uingereza wakati wa vita, vita ikaisha akatafuta kazi ya uinjinia, wanamwita kwa barua, wakiona uso wake mweusi kazi imeshachukuliwa. Ndo akaishia kufundisha watoto wa East End, mitaa ya maskini ya London, waliokuwa wamewashinda walimu wengine. Kilitoka 1959.

Sasa niliporudi rafiki yangu akanipa ile filamu ya 1967 kwenye flashi, Sidney Poitier, yule muigizaji mweusi wa Marekani, ndo mwalimu. Nimeitazama mara tatu. Na nimechanganyikiwa, kwa sababu kitabu kina hasira nyingi sana, yule mwalimu wa kwenye kitabu anachemka karibu kila ukurasa, ana majivuno pia, mwanzoni anawadharau hao watoto waziwazi. Filamu imepunguza yote hayo. Ile safari ndefu ya kukataliwa kazi imepitwa haraka, na mapenzi yake na yule mwalimu wa kizungu yamebaki macho tu, wakati kwenye kitabu wanatoka kweli kweli, wanaenda kula mahali mhudumu anawaonyesha dharau, na yule dada anamkasirikia YEYE kwa kukaa kimya. Nasikia Braithwaite mwenyewe hakuipenda hiyo filamu hata kidogo, na namwelewa.

Lakini Poitier! Kuna ile sehemu wasichana wamechoma kitu cha aibu kwenye moto wa darasani, anawatoa wavulana nje, anawafokea wasichana, alafu anaenda chumba cha walimu. Mtazameni hapo. Mwili wote umekaza, sauti inatoka kidogo kidogo, anajilaumu kwamba alishaapa hatakasirika mbele yao. Kurasa zote za hasira za kitabu ziko kwenye mabega yake hapo. Nimefundisha miaka 11, darasa la watoto 84, najua hayo mabega.

Swali langu ndo hili: akiingia kwenye hadithi ya kitabu, huyu mtu anakibeba kitabu kilivyo ama anakigeuza kiwe chake? Na nitazame ipi baada ya hii?

AfandeMstaafu_Arua

Salaam mwalimu. Mimi nimefanya upelelezi miaka mingi mpaka nikastaafu, niko nyumbani Arua na ng'ombe zangu, kwa hiyo jibu langu unaweza kulijua kabla sijaandika. Tazama In the Heat of the Night, nayo ni ya 1967, kitabu ni cha John Ball cha 1965.

Kitabu nilikisoma kambini, mwenzangu mmoja alirudi nacho kutoka masomoni nje. Kwenye kitabu Virgil Tibbs ni polisi wa Pasadena, California, na maiti ni ya mtu wa muziki aliyekuwa anaandaa tamasha. Kwenye filamu Tibbs, ndo Poitier huyo, ametoka Philadelphia, na aliyeuawa ni tajiri aliyekuja kujenga kiwanda. Kwa hiyo wamebadilisha mambo. Lakini ile namna ya kufanya kazi hawakuibadilisha, na hapo ndo nampenda huyu mzee.

Kuna sehemu anaitwa kuangalia maiti. Wale polisi wa kizungu wamesimama wanamtazama kama mtu aliyekuja kuiba. Anaomba vifaa vyake anavyovitaka, alafu anaanza kuishika ile maiti, vidole, mikono, shingo, polepole na kwa heshima. Kamera imekaa kwenye mikono yake. Mimi nimeshika maiti nyingi kwa kazi yangu na nawaambia hakuna picha nyingine nimeona mtu anashika marehemu namna hiyo. Kijana wa kazi mpya ningemuonyesha hiyo sehemu kwanza kabla ya kumpa kalamu.

Na jambo lingine, hiyo picha inasema iko Mississippi lakini sehemu kubwa waliipigia Illinois, kaskazini, kwa sababu Poitier alikataa kwenda kusini. Miaka michache nyuma yeye na mwimbaji Harry Belafonte walipeleka pesa kwa watu wa haki za weusi kule Mississippi wakafukuzwa na gari za Klan, lile genge la Wazungu wabaguzi, usiku. Kwa hiyo ule wasiwasi unaouona usoni mwake humo, hakuutoa mbali.

KibandaTororo

Afande umenikumbusha. Mi nina kibanda cha video hapa Tororo, wateja wangu wanataka mapigano na VJ wa kutafsiri, siku moja umeme ulirudi ghafla VJ hajafika nikaweka hiyo hiyo kavu kavu bila tafsiri nikijua watadai pesa zao. Banange. Ilipofika pale yule mzee tajiri wa maua anamzaba Tibbs kofi, na Tibbs anamrudishia hapo hapo hata sekunde haijapita, kibanda kizima kilisimama, benchi moja ilianguka, watu wakanilazimisha nirudishe nyuma mara nne!! Wengine hapo Kiingereza hawasikii kabisa na hakuna aliyeuliza nini kimesemwa

Msomaji_Mbale

Nawaheshimu wote mliotangulia lakini mwalimu ameuliza swali la maana na hajajibiwa. Mi naona anavigeuza. Karibu kila kitabu anachoingia mtu wake anatoka msafi, suti imenyooka, mpole, hana kosa. Ona A Patch of Blue ya 1965, imetoka kwenye riwaya ya Elizabeth Kata wa Australia, juu ya msichana kipofu wa kizungu anayempenda mwanaume mweusi. Kwenye riwaya mambo hayaishii vizuri hata kidogo, ubaguzi unaingia mpaka kwa yule msichana kipofu mwenyewe. Filamu imemfanya Poitier malaika wa kumwokoa. Hayo siyasemi mimi wa kwanza, mwaka 1967 huo huo New York Times ilichapisha makala ya Clifford Mason, mwandishi mweusi wa tamthilia, akiuliza kwa nini Wazungu wa Marekani wanampenda hivo Poitier. Iliwauma wengi lakini swali lilikuwa halali.

Sisemi hajui kuigiza. Anajua sana, ndo maana inauma. Vitabu vilikuwa vinampa watu wazima wenye dhambi zao na studio inampa nusu mtu.

DadaWaJinja

Kaka wa Mbale hapo kwenye A Patch of Blue sitabishana. Ila usiseme "kila kitabu" kabla hujamuona kwenye A Raisin in the Sun, tafadhali, maana hiyo niliisoma S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na bado ninayo nakala yangu yenye maandishi ya penseli pembeni.

Hiyo ni tamthilia ya Lorraine Hansberry, ilianza Broadway Machi 1959 na Poitier alikuwemo jukwaani kama Walter Lee, alafu 1961 ikawa filamu na waigizaji wengi wakaja wale wale, na Hansberry mwenyewe ndo akaandika maneno ya filamu. Kwa hiyo hapo hakuna studio ya kumpaka sabuni mtu. Familia inasubiri dola 10,000 za bima ya baba aliyekufa, mama anataka nyumba, dada anataka kusomea udaktari, Walter anataka duka la pombe. Na huyo Walter si msafi! Ni mlevi, anamdharau mkewe, anampa rafiki pesa zote alizokabidhiwa mpaka za shule ya dada yake na rafiki anatoroka nazo.

Ile siku anajua pesa zimeenda, kwenye kitabu mi niliisoma haraka nikaona ni mwanaume tu anapiga kelele. Poitier alinifundisha kuisoma upya. Analia kama mtoto, mdomo unamponyoka, alafu baadae anamuigizia mama yake namna atakavyompigia magoti yule mzungu anayewalipa wasihamie mtaa wao, anacheka huku anajivunja mwenyewe. Mimi nilizima laptopu nikatoka nje. Kaka yangu alipoteza mtaji wa familia kwa njia kama hiyo hiyo, biashara ya rafiki, na alikaa kwenye kiti cha sebule namna ile ile na mikono imelegea katikati ya magoti.

Na kitu kingine, kwenye kitabu cha maisha yake Poitier anaeleza kwamba yeye na Hansberry walivutana, yeye aliona hadithi lazima isimame upande wa mtoto, la sivyo inakuwa ya mama. Ukitazama filamu unauona huo mvutano, yeye na Claudia McNeil anayecheza mama, kila mmoja anaivuta picha kwake. Kwa hiyo mwalimu jibu langu: hakibebi kitabu na hakigeuzi, anapigana nacho.

Msomaji_Mbale

Dada hapo umenishika. Walter Lee nilimsahau, na si vizuri kumsahau. Narudisha maneno yangu nusu.

Lit_na_Boda_Gulu

Naomba niongeze mambo mawili alafu nirudi stendi, nina abiria.

La kwanza Cry, the Beloved Country. Tuliisoma wengi, kitabu cha Alan Paton cha 1948. Filamu ni ya 1951, aliiongoza Zoltan Korda, muigizaji Canada Lee ndo mchungaji Kumalo mzee, na Poitier kijana kabisa ndo Msimangu, yule padri anayempokea Johannesburg. Walienda kupiga picha Afrika Kusini kwenyewe wakati wa apartheid, na ili waingie Korda aliwaambia watu wa uhamiaji kwamba hao wawili ni watumishi wake. Fikiria unaingia nchi kwa kuitwa mtumishi wa mtu alafu kesho yake unasimama mbele ya kamera unamcheza padri mwenye hekima kuliko wote kwenye hadithi. Mle anatembea nusu hatua nyuma ya Kumalo, kama kijana yeyote wa kwetu anavyotembea na mzee, hakuna maneno, ni adabu tu ya miguu. Kwenye kitabu Msimangu ana yale maneno mazito ya kuogopa kwamba siku Wazungu watakapogeukia upendo watakuta sisi tumeshageukia chuki. Ukimuona Poitier anavyomshika mzee mkono unajua haya maneno yako ndani yake.

La pili, kofi. Afande na wa Tororo mmeongea juu ya kofi la 1967. Kuna kofi lingine. 1957 alicheza Something of Value, kutoka riwaya ya Robert Ruark juu ya Mau Mau, sehemu yake ilipigwa hapo Kenya jirani. Kitabu sikipendi, kimeandikwa kwa macho ya mwindaji mzungu na kinatuona sisi kama moto wa msituni. Poitier ni Kimani, amekua na mtoto wa mzungu kama ndugu, siku moja shemeji wa huyo rafiki anamzaba kofi. Na Kimani harudishi. Anasimama. Unaona shavu, unaona macho yanatafuta ndugu yake amtetee, na kutoka hapo njia ya msituni imeshafunguka hata kabla hajapiga hatua. Mi nikiziangalia hizo mbili pamoja naona mtu mmoja aliyesubiri miaka 10 kurudisha kofi lile.

Msomaji wa Mbale, Kimani si malaika. Anaua. Na bado unamlilia, kwenye kitabu ambacho hakikutaka umlilie.

MwalimuWaBusia

Eeh jamani. Nimesoma yote nikiwa nimesimama jikoni.

Lit_na_Boda hilo la makofi mawili sitalisahau, na dada wa Jinja "anapigana nacho" ndo neno nililokuwa natafuta. Maana nimerudi kwenye To Sir, with Love nikaangalia mwisho, ile sherehe wanafunzi wamempa zawadi na anatakiwa aongee, na huyu mtu aliyewafundisha kuongea vizuri muda wote anafungua mdomo hakuna kinachotoka. Anatoka na zawadi yake mkononi anarudi darasani peke yake, na barua ya kazi ya uinjinia anaichana. Filamu ilimnyima hasira, yeye akaitafuta njia nyingine ya kumleta Braithwaite, kwa kukaa kimya.

Na kuna jambo ambalo hamjalisema na kwangu kama mwalimu linanigusa kuliko yote. Huyu mtu alikuwa hajui kusoma vizuri. Alikulia Cat Island, Bahamas, kwa wakulima wa nyanya, akaja New York akawa anaosha vyombo. Alienda kujaribiwa kwenye kikundi cha maigizo cha weusi wakampa karatasi, akasoma kwa kukwamakwama na lafudhi ya kisiwani, wakamtoa wakamwambia aache kupoteza muda wa watu. Akanunua redio akawa anaiga watangazaji. Na kule mgahawani mhudumu mmoja mzee Myahudi akawa anakaa naye usiku baada ya kazi, wiki nyingi, gazeti mezani, neno kwa neno. Alafu 1964 akawa mwanaume mweusi wa kwanza kupewa Oscar ya muigizaji mkuu, kwa Lilies of the Field, ambayo nayo imetoka kwenye kitabu.

Nina kijana S2 anakwama hivo hivo akisoma kwa sauti na wenzake wanacheka. Muhula ukifunguliwa nitabaki naye baada ya vipindi, nianze na gazeti.

AfandeMstaafu_Arua

Vizuri sana mwalimu. Huyo kijana mwambie kuna mzee Arua anamsalimia.

Dada wa Jinja, hiyo ya Walter Lee sijawahi kuiona. Mwanangu anapanda basi ya Arua Ijumaa kutoka Kampala, kama kuna mtu anayo kwenye flashi aseme hapa, nitamwelekeza akaichukue.

DadaWaJinja

Mzee ninayo, na Cry, the Beloved Country nimeipata pia. Alhamisi nitakuwa Kampala. Nitaweka zote mbili, na kile kitabu cha Hansberry nitakupigia fotokopi, ila penseli zangu zitatokea humo, usizijali.