Kijivu kinarudishwa, damu ya mzee inapita: nipimeje jicho la mteja?

Fundi_Sare (Moshi)
Wakuu, habari za kazi. Tunashona sare za shule kwa majora yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti. Kifaa chetu cha kupima rangi kinatoa L (weupe na weusi), a (wekundu na ukijani), b (unjano na ubuluu) na Delta E, yaani namba moja ya tofauti kati ya rangi mbili, kwa fomula ya 1976, na kikomo chetu ni 1.5. Ajabu ni kwamba jora la damu ya mzee lenye 2 halina malalamiko, ila suruali za kijivu zenye 1.4 zinarudishwa. Nibadili fomula, au niwapime watu wenyewe? Kama ni watu, wangapi, na kwa utaratibu upi?

Mchanganya_Rangi
Anza na fomula, mkuu, haina gharama. Ile ya 1976 inapima umbali kama rula: hatua moja kwenye kijivu ina uzito sawa na hatua moja kwenye nyekundu iliyokolea. Jicho halioni hivyo. Mtafiti MacAdam alionyesha mwaka 1942 kwamba rangi ambazo mtu hawezi kuzitenganisha zinakaa ndani ya duaradufu, na ukubwa wa duaradufu hizo hubadilika kutoka rangi hadi rangi.

Jaribu CIEDE2000, fomula mpya zaidi ya Delta E. Inagawa tofauti ya ukolevu kwa 1 + 0.045 × C, na C ni wastani wa ukolevu wa vipande viwili. Damu ya mzee yenye C ya 30 inagawiwa kwa 2.35, kwa hiyo ile 2 yako, kama iko kwenye ukolevu tu, inashuka chini ya 0.9. Kijivu chenye C ya 2 kinagawiwa kwa 1.09 tu. Zaidi ya hapo, karibu na kijivu fomula inakuza mhimili wa a, yaani wekundu na ukijani, hadi mara 1.5. Kijivu chako kikikengeuka upande huo, 1.4 inakuwa kama 1.9. Ndiyo maana kinarudi! Angalia L, a na b kila moja peke yake, maana jumla inaficha mwelekeo.

Jicho_Kavu (Arusha)
Hesabu hiyo ni sahihi, ila haikuambii wateja wako wanakubali nini. Wapime hivi.

Tengeneza boksi wazi upande mmoja, ndani lipakwe kijivu kisichong'aa. Taa iwe nyeupe kama ya mchana, ya 6500 K (kipimo cha rangi ya mwanga), yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) ya 90 au zaidi, imulike kutoka juu, na mtu atazame kwa nyuzi 45. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10, kunja kila kimoja mara nne ili meza isionekane kwa chini, na mtande (nyuzi za urefu wa jora) wote uelekee upande mmoja. Nyuzi zikigeuka, kitambaa kilekile kinaonekana rangi mbili. Kilichotoka kwenye pasi kiache saa moja, kwa sababu joto na unyevu hubadilisha rangi kidogo.

Weka vipande vitatu: viwili vya jora moja, kimoja cha jora jingine, kingo zigusane. Ukiacha nafasi katikati, tofauti ndogo inapotea. Muulize kipi kimejitenga, na ni lazima achague hata kama anabahatisha. Usiulize "unaona tofauti?", kwa sababu mwoga atasema hapana na mjuaji atasema ndiyo kila mara. Kubahatisha kunampa 33%, kwa hiyo kizingiti cha kuona tofauti ni pale wanapopatia karibu 67%. Watu 10, kila mmoja mara 12 kwa kila jozi ya majora, unapata majibu 120 na kosa la kama asilimia 4. Badilisha nafasi za vipande kila mara.

Kabla ya yote wapitishe kwenye kadi za Ishihara, za kupima upofu wa rangi. Kisha wakae dakika 3 mbele ya boksi bila kuona vipande, macho yazoee taa. Kati ya jozi na jozi watazame kijivu kitupu, la sivyo damu ya mzee inaacha kivuli cha kijani machoni.

Fundi_Sare
Shukrani mkuu. Boksi ni lazima? Barazani kuna mwanga mzuri.

Jicho_Kavu
Ni lazima. Wingu la mlimani likifunika au likifunguka, mwanga unabadilika katikati ya jaribio, na ukuta wa jirani uliopakwa rangi unarudisha rangi yake juu ya kitambaa. Anayesimamia naye asivae shati jekundu.

Dada_Jora
Naongeza mawili. Kuona tofauti na kuikataa ni mambo mawili, kwa hiyo swali la "ungepokea suruali hii?" uliza siku nyingine, kwa jozi zilezile. Kikomo cha mauzo kitokane na swali hilo. Kizingiti cha kuona ni kidogo mno, utatupa majora mengi bure.

Pili, rudia chini ya balbu ya njano ya 2856 K. Majora mawili yakilingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, mchanganyo wa dai (rangi za kutia kitambaa) si mmoja, na hakuna kikomo kitakachokuokoa: watoto watasimama mstarini juani na mzazi ataona tu. Hapo mwambie mtia rangi arudi kwenye dai zilezile za mwanzo. Na usichanganye majora mawili ndani ya suruali moja. Mguu wa kushoto ukigusana na wa kulia, hata 0.8 ya kijivu inaonekana.