Kigeu nilichokiita bin kimeniharibia programu

Kijana wa Wete
Assalaam alaykum. Naandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, daftari la wanafunzi wa chuo chetu cha Qur-ani, na kwa kuwa huku kwetu mtu huandikwa Fulani bin Fulani, jina la baba nimeliweka katika kigeu, yaani jina la kuhifadhia thamani, nilichokiita bin. Programu ilikwenda vizuri mpaka nilipoitumia kwa zoezi la skuli, la kugeuza namba ya mwanafunzi kuwa ya besi mbili, yaani ya tarakimu 0 na 1 tu. Nilipoandika print(bin(13)) ikanijibu: TypeError: 'str' object is not callable. Nakuombeni mnieleze kosa liko wapi, na kama pana utaratibu wa kutenga majina yangu na maneno ya lugha yenyewe.

Maalim wa Chake
Waalaykum salaam, mwanangu. Mstari huo hauna kosa; kosa liko juu yake, pale ulipoandika bin = "Juma". Yapo maneno yaliyohifadhiwa, kama class, for na if, ambayo tangu toleo la 3.7 ni 35, na ukiyafanya vigeu Python hukataa kabla programu haijaanza kwenda. Lakini majina ya kazi (amri zinazoitwa kwa jina na mabano) zilizokuja na lugha, kama bin, sum, list na id, hayana mlinzi: ukilitwaa mojawapo Python hukubali kimya, na kuanzia hapo bin si tena kazi ya kugeuza namba bali ni maandishi "Juma", ambayo hayaitiki ukiyaita. Haya ndiyo yanayosumbua zaidi, kwani kosa hujitokeza mbali na lilipozaliwa. Ukiwa katika dirisha la majaribio, andika del bin, na ile ya asili itarudi.

Kuhusu utaratibu, mwongozo wa uandishi wa Python, PEP 8 wa mwaka 2001, unashauri kuongeza kistari cha chini mwishoni mwa jina linalogongana na neno lililohifadhiwa, kama class_; kwa mfano huo, bin yako ungeiita bin_.

Mkaazi wa Mkunazini
Maalim amesema kweli, ila bin_ mimi nisingeiandika, kwa sababu kistari kile hupotea machoni, na siku utakapokisahau utarudi palepale. Wala Bin kwa herufi kubwa si dawa, kwani kwa desturi ya Python majina ya namna hiyo ni ya klasi. Andika jina_la_baba. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na haya ya Python yametoka Kiingereza, hivyo kugongana ni nadra. Bin limekuponza kwa kuwa tumelipokea kutoka Kiarabu pamoja na konsonanti yake. Binti halina tatizo.

Mgeni wa Fumba
Wanaoandika PHP, lugha nyingine ya programu, hawana shida hii, kwani kila kigeu hutanguliwa na alama ya dola.

Kijana wa Wete
Ahsanteni sana. Nimeweka jina_la_baba, na 13 imetoka 0b1101. Namba ya mwanafunzi nayo nilikuwa nimeiita id. Naibadilisha usiku huu.