Supu ya kuku wa mayai imechacha usiku mmoja: niihifadhije?

Mfugaji wa Kizota
Ndugu zangu, juzi nilichinja kuku wanane wa mayai waliokwisha kuchoka kutaga, na migongo, shingo na miguu nikaitia kwenye sufuria kubwa ili nipate supu ya kupikia wali na maharage. Ilitokota kwa moto wa mkaa tangu alasiri hadi usiku, nikaifunika na kuiacha jikoni ipoe. Asubuhi nilipofunua nilikuta mapovu na harufu ya uchachu, na lita kama kumi zikaishia shimoni. Bado nina kuku sita. Jirani ananishauri niimimine ikiwa ya moto kwenye chupa za jamu, nizifunge, nizichemshe saa nzima, kisha nizipange kabatini kama achari. Je, ni salama? Mimi nina friji ndogo tu yenye friza juu.

Mpishi wa Nkuhungu
Pole sana, dada. Kilichokuponza ni ule mfuniko na ukubwa wa sufuria, kwa sababu supu nyingi iliyofunikwa hubaki vuguvugu usiku kucha, na wapo bakteria ambao spora zao, yaani mbegu zao ngumu, hazifi kwa kuchemka, bali huamka joto linaposhuka chini ya nyuzi 60. Ichuje, igawe kwenye sufuria ndogo pana, zikalishe kwenye beseni la maji baridi ukiyabadilisha kila yanapopata moto, na ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friji, ambako itakaa siku tatu au nne.

Kwa friza yako ndogo, ipunguze kwanza. Ukishatoa mifupa, irudishe motoni bila mfuniko mpaka lita kumi zibaki mbili, na chumvi usitie kabisa, maana itakolea kupita kiasi. Ile miguu usiibanie: ngozi na kano zake ndizo zinazofanya supu igande kama jeli ikipoa. Igandishe kwenye trei za barafu, kisha vipande uvihamishie kwenye kopo lenye mfuniko. Ladha itabaki nzuri kwa miezi mitatu hivi.

Mwalimu wa Sayansi, Dodoma Mjini
Kuhusu chupa, nakusihi usijaribu. Achari hulindwa na siki, lakini supu ya kuku haina ukali huo, na chupa iliyofungwa bila hewa ndiyo makazi anayoyapenda bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Spora zake huhitaji joto la takriban nyuzi 116 au zaidi, linalopatikana kwa mvuke wenye shinikizo tu, na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hata uchochee mkaa namna gani. Sumu yake huweza kuwamo bila harufu yoyote.

Mfugaji wa Kizota
Nashukuru, mwalimu. Je, umeme ukikatika?

Mpishi wa Nkuhungu
Usifungue mlango. Vipande vikiwa bado na chembe za barafu, vigandishe tena. Vikiwa vimeyeyuka na kupata uvuguvugu, vimwage, hata kama juu kuna tabaka la mafuta, kwani mafuta hayahifadhi chochote. Na kwa nini uchinje wote sita? Kuku aliye hai hachachi.

Mfugaji wa Kizota
Basi Jumamosi nachinja wawili, wanne waendelee kunimalizia pumba.