Sajini alazwe?

Kikundi: Ploti ya Mzee, Bombolulu

ALHAMISI

Sidi, 17:52
Hamjambo wote. Daktari wa mifugo ndiyo anatoka hapa. Majibu ya damu ya mbwa wetu Sajini yamekuja, figo zimekwisha. Ndiyo maana alikuwa akimaliza sufuria mbili za maji kwa siku na bado anatapika.

Sidi, 17:54
Dripu anaweza kuwekewa lakini itamsogeza siku chache tu, halafu arudi palepale. Na zile nyonga ndiyo basi tena. Amesema tukae tufikirie alazwe.

Mwalimu Chumba 4, 17:55
Poleni sana. Halafu jamani aliyeacha mfereji wa nje wazi jana usiku, tangi limekauka tena.

Mama, 18:03
Alazwe wapi sasa. Tuktuk hapandi huyo atatapika njia nzima. Na akilazwa atatoka lini

Sidi, 18:04
Mama nakuja hapo ndani tuongee. Acha simu kidogo.

Katana Doha, 18:10
Mama, huko kulazwa ni kudungwa sindano afe.

Sidi, 18:10
KATANA

Katana Doha, 18:11
Semeni wazi basi. Mwamzungusha mamangu kwa maneno.

Mjomba Kazungu, 18:20
Mbwa ni mbwa. Sisi huku Kaloleni mbwa akizeeka hakuna mambo ya damu wala majibu. Hapo zimeenda elfu ngapi?

Sidi, 18:21
Nne, Mjomba. Zimetoka mfukoni mwangu, hakuna aliyeombwa mchango.

Bi Rukia, 18:26
Mzee Kazungu shikamoo. Usiku ule wa vijana wa mapanga wewe ulikuwa Kaloleni. Sisi tulikuwa hapa.

Mwalimu Chumba 4, 18:28
Hilo ni kweli. Walipita ploti tatu mtaani, hapa walifika getini wakasikia ile sauti wakageuza. Na geti lilikuwa halina hata komeo! Tangu nihamie sijaona likifungwa.

Mjomba Kazungu, 18:30
Haya, nimenyamaza.

Katana Doha, 18:44
Msimguse mpaka Disemba, nishaomba likizo. Mpondeeni Brufeni kwa wali, maumivu yatatulia.

Sidi, 18:47
Brufeni asipewe kabisa! Daktari ameikataza mara mbili. Hizi dawa zetu za maumivu zinaharibu figo za mbwa, na yeye figo zenyewe ndizo hana. Disemba ni miezi minne, Katana. Huyu hana miezi minne.

Katana Doha, 18:48
Nyinyi mmechoka naye tu

Sidi, 19:15
Nimekaa nikaona nisikujibu kwa hasira. Nakuambia nnachokiona huku.

Viwiko vyake vimechubuka kwa kulala upande mmoja, nzi hawamtoki, nampepea kwa kifuniko cha ndoo. Ufizi umekuwa mweupe kama nazi. Akitaka kuinuka anatanguliza miguu ya mbele, anakaa hapo anahema, anamtazama mtu, halafu anajishusha polepole kama aliyebadilisha nia. Anajifanya hakuwa anaenda popote.

Daktari alituambia wiki mbili zilizopita tuwe tunatia alama. Baraka ndiye anayeandika, kwenye ile kalenda ya duka la simenti. Siku nzuri duara, siku mbaya mkasi. Kati ya siku 14 kuna duara tatu. Na moja nimembana leo, amekiri aliitia kwa sababu alitikisa mkia mara moja akiwa amelala.

Katana Doha, 19:16
Ujumbe huu umefutwa

Katana Doha, 19:40
Mimi ndiye niliyemtoa Mariakani 2011, ndani ya katoni ya sabuni. Utingo alitaka nimlipie kiti. Baba akasema mbwa hatalala kwangu. Usiku naamka namkuta yuko jikoni anamnywesha maziwa lala kwa kijiko.

Bi Rukia, 19:52
Mimi sikumgusa hata siku moja, mwajua dini yetu, ukipatwa na mate yake ni kuosha mara saba na moja yake kwa mchanga. Lakini mifupa ya Ijumaa ilikuwa yake, namrushia juu ya ukuta. Na tumesomeshwa kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake akasamehewa madhambi. Mimi si shekhe. Lakini kiumbe akiteseka nawe wamtazama, hilo pia utaulizwa.

Mama, 19:58
Sidi njoo niandikie vidole havinitii

Sidi, 20:09
Naandika anavyosema Mama, sijaongeza neno:

"Katana mwanangu, hapa hapana aliyemchoka. Tangu Mzee aondoke mbwa huyu amelala mlangoni kwangu. Nikienda msalani saa nane za usiku yuwanifuata, yuwaningoja nje, twarudi sote. Jana hakuweza. Nikarudi peke yangu nikamkuta amejikojolea palepale alipolala. Nilipoinama kumfuta alinigeuzia uso. Mbwa, mwanangu, aliona haya.

Babako naye mwishoni alinigeuzia uso hivyo hivyo nikimbadilisha shuka. Kwake sikuwa na la kufanya ila kungoja, na nilingoja. Huyu sitamngojesha. Mwambieni daktari aje Jumamosi, Baraka hana shule. Wewe usije ukasema ni Sidi. Ni mimi."

Katana Doha, 20:31
Sawa Mama.

IJUMAA

Chengo, 09:12
Habari za asubuhi. Nimeanza pale kwenye mwarobaini. Futi mbili nimegonga mwamba.

Sidi, 09:15
Daktari anataka futi nne, Chengo, na mbali na kisima. Ile dawa inabaki mwilini mwake. Paka au mbwa mwingine akifukua akamla, naye anakufa.

Bi Rukia, 09:21
Bwana yangu anao mtaimbo. Tuma kijana achukue.

Mwalimu Chumba 4, 09:40
Nikitoka darasani saa saba namsaidia kuchimba.

Bi Rukia, 11:05
Nimeacha na leso mlangoni kwa Mama Katana, ya kumfungia. Maneno yake msiyasome. Ni ya kumsuta jirani, lakini ndiyo iliyokuwa nzima.

Mama, 11:07
😂 Nimeyasoma Rukia. Nimeyasoma yote

Katana Doha, 14:30
Baraka ataambiwa nini?

Sidi, 14:38
Nimeshamwambia, sitaki ayaone akashtuka. Kwamba sindano ya kwanza ni ya usingizi, ya pili inaingia kwenye mshipa wa mguu wa mbele na ndiyo inayosimamisha moyo. Kwamba macho hayatafumba. Kwamba anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya kuwa ameshaondoka, na huko si kuamka. Ameuliza maswali mengi, la mwisho kama daktari atamtoa ule ukosi au ataubakisha. Nimesema atamtoa yeye Baraka.

Katana Doha, 14:41
Mpeni mahamri kesho. Moja tu. Alikuwa ananiibia mkononi.

Sidi, 14:42
Hajala tangu Jumanne.

Katana Doha, 14:42
Najua. Mpeni tu.

JUMAMOSI

Sidi, 08:50
Amelilamba. Halafu akala nusu! Mama amelia hapo hapo, akaanza kusema labda tungoje wiki. Nikamwacha aseme. Dakika kumi baadaye yote yametoka, ameyatapika kwenye kanga ya Mama. Mama mwenyewe akasema pigia daktari uone amefika wapi.

Katana Doha, 10:05
Nipigieni video. Nimejifungia stoo, bosi asinione.

Sidi, 10:41
Ameshalala. Saa nne na nusu. Kichwa kilikuwa mapajani mwa Mama.

Mwalimu Chumba 4, 10:42
Poleni sana familia.

Mjomba Kazungu, 10:50
Dada pole. Ile juzi niliropoka. Alinifukuza mimi pia, mara ya kwanza nilipokuja bila taarifa, nikapanda juu ya karo la kufulia nusu saa.

Mama, 10:58
Nakumbuka. Mzee alicheka mpaka akakaa chini

Bi Rukia, 11:02
Mama Katana pole mno. Naleta uji na mbaazi, leo usipike.

Katana Doha, 11:20
Mtandao ulikwama kabla ya sindano ya pili. Kwangu picha imeganda kwenye sikio lake, lile lenye pengo. Nimekaa nalitazama mpaka betri ikaisha.

Sidi, 11:24
Hukukosa kitu. Hakutoa hata sauti.

Baraka (simu ya Mama Sidi), 13:16
Anko ukosi nimeuosha nimeuanika. Ukija Disemba uchukue. Na leo kwenye kalenda sijajua nitie nini

Katana Doha, 13:30
Usitie kitu, Baraka. Iache hivyo hivyo.

JUMATATU

Bi Rukia, 23:08
Hodi humu. Natazama dirishani geti la ploti liko wazi wazi. Nani wa mwisho kuingia?

Mwalimu Chumba 4, 23:11
Mimi Bi Rukia, samahani. Sijazoea kulifunga. Hata komeo lenyewe halipo.

Mama, 23:14
Funga kwa waya leo. Kesho Chengo atanunua komeo